Mifugo Iliyoonekana: Hakuna

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nitaziweka mwisho, kama zitabaki. Naandika barua kwa sababu simu ukichoka kusikiliza unaikata, na mara hii nataka unisikilize mpaka nukta ya mwisho.

Jana asubuhi niliteremka bondeni kuangalia uzio, nikakuta karatasi imegongomelewa kwenye lango letu. Ina mhuri wa ofisi yenu. Inasema kipande chetu cha bondeni, chote, ekari kumi na nane, ni "ardhi iliyotelekezwa", na kwamba baada ya siku sitini atapewa mwombaji mwingine mwenye uwezo wa kuitumia. Mwombaji mwenyewe ametajwa. Ni yule mwenye tanuri la matofali kule barabarani. Anautaka ule udongo wetu mzito, mdogo wangu. Atachimba mpaka achoke, halafu atuachie shimo la kufugia vyura.

Chini ya tangazo wamebandika nakala ya ukurasa wa kwanza wa fomu ya ukaguzi. Niliusoma nimesimama, nikausoma tena nimekaa. "Mifugo iliyoonekana: Hakuna. Samadi mbichi: Hakuna. Nyasi: zimefika kifuani, hazijaliwa. Hitimisho: mmiliki ameacha kutumia eneo." Yaani mtu mzima na akili zake amesimama kwenye nyasi zinazomfika kifuani, mahali ambapo miaka miwili iliyopita palikuwa vumbi tupu, akazipima, akaona ni ushahidi dhidi yangu.

Sijaacha kutumia kitu. Bonde limepumzika kwa sababu mimi nimelipumzisha. Ng'ombe wote arobaini na mmoja wako huku juu, na kila siku saa nne, umande ukishakauka, nawahamishia ukanda mwingine. Nafungua kamba, nafunga kamba, siku moja ukanda mmoja, na hawarudi pale mpaka nyasi zimeota upya na kunenepa. Bondeni hawashuki mpaka mizizi ishike sawasawa. Kutokuwepo kwa ng'ombe kule ndiyo kazi yenyewe. Mnataka nilale na ng'ombe humo ndipo mjue kuna mtu?

Wewe umo humo ofisini. Unajua nani anakagua, nani anahakiki, nani anapiga mhuri. Nataka mambo mawili kutoka kwako: nifanye nini, na nani kaandika upuuzi huu.

Mama hajambo. Sijamwambia, nawe usimwambie. Dirisha la chumba chake linatazama bondeni.

Dada yako


Jumapili, tarehe 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika Ijumaa, nami nimekaa nayo siku mbili kwa sababu sikutaka kukujibu kwa pupa. Pole sana. Kwanza tulia. Ukienda ofisini na moto ule ulioandika nao, watakufungia mlango na kukuita mkorofi, na mkorofi hasikilizwi na mtu.

Utaratibu ni huu. Mwenye ardhi akiandika pingamizi, hutumwa mkaguzi wa pili. Pingamizi nimeshakuandikia, limo humu ndani ya bahasha, weka sahihi yako na ulitume. Nimechungulia ratiba: huko kwenu mkaguzi atakuja tarehe 27. Sasa nisikilize mimi ninayekaa na watu hawa kila siku, meza yangu ikiwa imepakana na mlango wa masjala na mafaili yakiwa yamenifika masikioni. Mkaguzi hasomi historia ya bonde. Ana maeneo sita ya kupita siku hiyo. Atasimama langoni robo saa, atahesabu mifugo, ataandika, atapanda pikipiki yake.

Kwa hiyo siku tatu kabla shusha ng'ombe wote bondeni. Wakae, wale, waache samadi ya kutosha. Akiona ng'ombe arobaini na mmoja wanatafuna, ile "Hakuna" imekufa, na tangazo linang'olewa. Baada ya hapo endelea na kamba zako upendavyo.

Kuhusu nani aliandika nini, usihangaike na faili. Fomu moja hupita mikono mingi, na kutafuta mchawi sasa hivi hakutaokoa hata shina moja la nyasi.

Msalimie Mama.

Mdogo wako


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mdogo wangu,

Pingamizi nimelitia sahihi na kulituma. Kwa hilo ahsante. Kwa hayo mengine sikuelewi, au nakuelewa sana na sitaki.

Unaniambia nishushe ng'ombe bondeni tarehe ishirini na nne. Umesahau kwamba huku mvua imeanza? Udongo wa bondeni ukilowa ni kama unga uliokandwa. Ng'ombe mmoja mzima akisimama hapo kwato zinazama mpaka kwenye kifundo. Zidisha kwa arobaini na mmoja, siku tatu. Na nyasi ndiyo kwanza zimeshika mbegu, hazijazidondosha. Zikiliwa sasa, mwakani hakuna zitakazoota. Nahitaji wiki saba, nane hivi. Nimengoja miaka miwili, wewe unaniambia niharibu kwa siku tatu ili bwana mmoja wa pikipiki aridhike.

Ngoja nikueleze kitu ambacho hukuwahi kutaka kuelezwa. Lile korongo lilikuwa linakula bonde. Kila mvua lilisogea hatua mbili, tatu, kingo zake zimesimama wima, na udongo wote mzuri unaishia mtoni. Ng'ombe walikuwa wanazurura humo mwaka mzima, wanang'oa kila kinachochipua. Mwaka juzi, kiangazi kikiisha na manyunyu ya kwanza yakianza, nilitandaza majani makavu kwenye kingo, nikawabana ng'ombe pale kwa kamba, nusu siku tu kila sehemu, wamesongamana haswa. Kwato zikavunja zile kingo mpaka zikalala. Majani na samadi vikakanyagwa pamoja na udongo. Kisha nikawatoa wote, nikafunga, nikaondoka. Yule ng'ombe mkorofi tunayemwita Mama Mkwe alinipiga kwato mbili siku hiyo, maana hataki kubanwa na mtu, lakini kazi ilifanyika. Ng'ombe hao hao waliokuwa wanaliua bonde ndio niliolifufua nao. Ni suala la lini unawaweka na lini unawatoa, basi.

Nawe ulikuja wiki hiyo hiyo. Ulisimama nje ya kamba, ukatazama matope na mavi, ukasema, "Umeua bonde la baba." Chai yako ilikuwa mezani, ukaiacha inatoa moshi. Tangu siku hiyo ni simu za sikukuu na salamu za juu juu. Sikukufuata, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilikuwa na kazi.

Kwa hiyo hapana, sishushi ng'ombe. Na jina la aliyehakiki nalitaka bado. Ukurasa wa kwanza una sahihi ya mkaguzi peke yake, ila chini umeandikwa "Angalia ukurasa wa pili kwa uthibitisho." Wewe unapita mbele ya masjala kila siku. Fungua huo ukurasa wa pili uniambie.

Dada yako


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Dada,

Ukurasa wa pili nimeuona. Ile sahihi haisomeki, jina halikuandikwa. Naomba suala hilo tuliache hapo.

Sasa na mimi niseme, maana nimekaa kimya miaka miwili nikikusikia unavyoongea kana kwamba ardhi hiyo baba alikuachia wewe peke yako. Wewe ukishaamua, umeamua. Aliyekukanya ni mjinga, aliyeondoka amesusa. Nakupa njia iliyonyooka ya kuliokoa bonde, wewe unanipa somo la mbegu na kwato. Mbegu zitakusaidia nini likishakuwa la mtu wa matofali? Utamwendea kwenye tanuri umwambie asichimbe mpaka zidondoke?

Hebu fikiri kidogo. Mama ana miaka sabini na tatu. Dirisha lake, umesema mwenyewe, linatazama bondeni. Siku mashine zikishuka kuanza kuchimba, utamfunika macho na nini? Utamwambia uliona bora uheshimu nyasi?

Kiburi hicho, Dada. Kingekuwa changu mimi ungeshaniita kila jina. Bonde lililokanyagwa hupona, wewe ndiye unayelihubiri hilo. Bonde lililochimbwa halipo tena.

Tarehe 27 ni Alhamisi ijayo. Fanya utakavyo, ila usije ukasema sikukuambia.

Mdogo wako


Jumamosi, tarehe 29 Machi

Bwana Ofisi,

Nilikusikiliza. Haya, furahi.

Nilikaa na barua yako siku nne. Ile ya dirisha la Mama ndiyo iliyonimaliza, na wewe ulijua itanimaliza, ndiyo maana uliiweka. Jumatatu saa nne nikafungua kamba ya bondeni. Ng'ombe hawakutaka hata kuhimizwa, walishuka mbio kama watoto wa shule kengele ikilia. Jumanne ikanyesha kuanzia alfajiri mpaka mchana. Jumatano ikanyesha tena. Nilitaka kuwatoa, nikasema kesho ndiyo siku yenyewe, nimeshakula nyama, sasa niache mfupa? Nikawaacha. Hilo la kuwaacha ni langu mimi, sikusingizii.

Alhamisi mkaguzi akaja saa tano. Kijana nadhifu, mabuti ya mpira mapya, bado yana karatasi ya dukani kwenye soli. Nilimfungulia lango mwenyewe. Akaingia hatua kumi, buti moja likabaki kwenye matope, ikabidi nimshike mkono. Upande wa juu, ekari kama sita, kulikuwa na uji tupu. Nyasi zimelala kifudifudi, mbegu zimezikwa na kuoza, kila alama ya kwato imejaa maji. Kwenye ule mteremko maji yalishaanza kujichorea njia ya kwenda mtoni, udongo mwekundu unakwenda nayo, nauona kwa macho yangu.

Akapiga picha. Nikamweleza. Nikamwonyesha upande wa chini ambako ng'ombe hawakuwa wamefika, nikamwambia hivi ndivyo palivyokuwa pote siku nne zilizopita, na kwamba ng'ombe hawa niliwashusha kwa ajili yake. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, mimi naandika ninachokiona."

Na hiki ndicho alichokiona, nakunukulia: "Mifugo iliyoonekana: arobaini na mmoja. Eneo limeharibika kwa kulishwa kupita kiasi. Mmiliki hana uwezo wa kulitunza. Inapendekezwa uhamisho uendelee."

Basi nisipoweka ng'ombe nimetelekeza, nikiweka nimeharibu. Nioneshe mahali pa kusimama kwenye fomu yenu, mimi sipaoni. Kosa la kwanza nililoshitakiwa sikulitenda. La pili nimelitenda kwa mikono yangu, kwa ushauri wako, na sasa wana picha.

Damu inanichemka mpaka kalamu inachana karatasi. Jumatatu nakuja huko ofisini mwenyewe. Nitaomba faili lote, ukurasa kwa ukurasa, ni haki yangu kama mwenye ardhi. Usiniambie sahihi haisomeki. Nitaisoma.

Mwenye ng'ombe


Jumatano, tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Mimi mama yako, naandika kwa mkono wangu, kwa hiyo vumilia mwandiko. Dada yako ameniomba nisikuandikie. Ndiyo maana naandika.

Mlinificha habari ya bonde, mkadhani macho yangu yamekufa pamoja na magoti. Wiki iliyopita niliona dirishani ng'ombe wamo bondeni kwenye mvua. Nikajua kuna jambo. Dada yako hawezi kufanya hivyo akiwa na akili zake, hata mimi nisiyesoma mambo ya malisho najua hivyo.

Juzi alirudi kutoka ofisini kwenu. Alisema wewe ulikuwa umetoka, umekwenda kazi ya nje. Sawa. Karani wa masjala alimpa nakala ya ukurasa wa pili. Alikaa kwenye ngazi za jikoni, akavua viatu, akaiweka ile karatasi magotini. Kisha akanipa. Nikavaa miwani.

Sahihi yenu hiyo mwasema haisomeki. Mimi nimeisoma. Ile yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kukata katikati. Ulijifunza kuiandika ukiwa darasa la sita, kwa kipande cha mkaa, kwenye mlango wangu wa jiko, mara kumi na moja, nami nikakuchapa. Imeandikwa, "Nimefika eneo husika na kuthibitisha." Umefika lini wewe? Ulifika ukapita bila kuniamkia?

Dada yako hajakulaani. Afadhali angekulaani, ningejua la kumwambia. Alisema "sawa", akaenda kuhamisha ng'ombe. Tangu juzi anafanya kazi tu. Anakula kidogo, anajibu kidogo, anapiga nyundo nguzo za uzio ambazo hazijalegea.

Nakuuliza swali moja na unijibu bila kuzunguka. Ulijua ni ardhi yetu au hukujua? Ukisema hukujua, nitakuona mjinga na nitakusamehe leo leo. Ukisema ulijua, sijui nitakuona nini. Mjibu yeye, si mimi. Mimi nitasikia.

Mama yako


Jumapili, tarehe 6 Aprili

Dada,

Jibu la Mama ni hili: nilijua.

Sitakupiga chenga tena. Faili lilifika mezani kwangu mwezi wa kwanza. Niliona namba ya kiwanja, nikaona jina la marehemu baba. Sheria inasema mhakiki akikuta eneo ni la ndugu yake alirudishe faili kwa mkuu. Sheria hiyo hiyo inasema mhakiki lazima afike mwenyewe. Sikulirudisha na sikufika. Niliandika kwamba nimefika, nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai.

Usidhani nilihongwa. Huyo wa matofali sijawahi hata kumwona sura. Nilisaini kwa hasira. Kichwani nilikuwa na picha moja tu: ng'ombe wamebanwa kwenye ukingo wa korongo, matope, mavi, na wewe katikati na fimbo, umevimba kwa kujiamini. Ulipolifunga bonde nikasema limekufa, anaona haya watu waone. Niliposoma kwamba nyasi zimefika kifuani nikadhani ni magugu. Nikasema huyu dada yangu haambiliki, acha ofisi imwambie. Sikufikiria tanuri. Nilifikiria utapata onyo, utanyenyekea, utanipigia simu. Hilo ndilo nililotaka, na naona aibu hata kuliandika.

Kisha uliponiandikia, badala ya ukweli nikakupa ujanja. Nilidhani utatuokoa sote: wewe ubaki na bonde, mimi nibaki na kazi, na ukurasa wa pili usifunguliwe na mtu. Uliponiambia habari za mvua na mbegu sikusikiliza. Nilikuwa nasikia hofu yangu tu. Na ile ya dirisha la Mama niliiweka kwa makusudi, kama ulivyosema.

Jana nilikuja. Nilishukia darajani, nikapita upande wa mto, nikainama chini ya kamba pale ambapo ng'ombe hawakufika. Nilitaka kuliona korongo. Unakumbuka lilivyokuwa, tukiingia humo mtu wa nje haoni hata vichwa vyetu. Nilitembea kutoka kwenye lile jiwe kubwa mpaka kwenye uzio, sikuliona. Nikarudi, sikuliona. Nikaanza kukasirika, nikadhani nimepotea kwenye ardhi niliyozaliwa. Mara ya tatu mguu wangu ukateremka taratibu ndani ya nyasi, kina cha goti tu, nikajua nimesimama katikati yake. Nilichimba kwa kidole. Udongo mweusi, una unyevu, una minyoo. Nilikaa humo nguo za kazini zikalowa.

Halafu nikapanda upande wa juu, uliokanyagwa, nikaona nilichokufanya ufanye. Dada, nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata, na hakukuwa na mtu wa kumtupia. Nilikuona kwa mbali unazungusha kamba. Sikuwa na uso wa kukuita.

Kesho namwandikia mkuu wa ofisi. Nakala nitakutumia. Sikuombi msamaha kwenye karatasi hii, kwa sababu mpaka sasa sijafanya lolote la kuuombea.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Kwa Mkuu wa Ofisi
Nakala: Mwenye eneo

YAH: UTHIBITISHO WA UONGO KATIKA FAILI LA ENEO LA BONDENI, EKARI KUMI NA NANE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhakiki wa ofisi hii kwa mwaka wa tisa. Katika fomu ya ukaguzi ya eneo lililotajwa nilithibitisha kwa sahihi yangu kwamba nimefika na kulikagua. Sikufika. Eneo ni la familia yangu, nami nilijua hivyo nilipotia sahihi, na sikutoa taarifa kama kanuni inavyonitaka.

Eneo hilo halikutelekezwa. Lilikuwa limepumzishwa kwa mpango baada ya ng'ombe kutumika kuziba korongo. Nimelishuhudia kwa macho yangu tarehe 5 Aprili. Uharibifu ulioonekana katika ukaguzi wa pili ulisababishwa na ushauri nilioutoa mimi kwa mwenye eneo, ili mifugo ionekane siku ya ukaguzi na kosa langu lisijulikane.

Kwa kuwa ukaguzi wa kwanza haukuhakikiwa, kwa mujibu wa kanuni zetu ni batili, na hatua zote zilizofuata ni batili pia. Naomba tangazo liondolewe.

Adhabu ya kosa langu naifahamu. Sina utetezi.

Mhakiki, meza ya tatu


Ijumaa, tarehe 25 Aprili

Wewe,

Ofisi yenu imeleta barua jana. Uhamisho umefutwa, na mtu wa matofali ameambiwa atafute udongo kwingine. Bonde limebaki letu. Barua hiyo hiyo inasema mhusika amesimamishwa kazi mpaka kikao kitakapoamua. Sikufurahi niliposoma hapo, na sikusikitika. Nilipita kama mtu anayesoma habari za watu asiowajua, kisha nikarudi nikasoma tena, maana ninakujua.

Zile ekari sita za juu nimezifunga. Nimeshatandaza majani makavu kwenye ile njia ya maji kabla haijawa korongo jingine. Miaka miwili tena, labda mitatu. Nitakuwa na miaka hamsini na mbili. Hiyo miaka hakuna kikao kitakachonirudishia, kwa hiyo usitegemee nikuambie yameisha.

Majirani wanasema nikushukuru kwa kusema kweli. Wengine wanasema ulikuwa na ujasiri. Nimewajibu kwamba mtu aliyechoma nyumba akija na ndoo ya maji hapigiwi makofi. Mama anapitisha habari zako mezani kama anayepitisha chumvi, bila kumwangalia mtu usoni.

Nitakuambia kilichonichoma, maana barua yako imekiri mambo mengi na hili halimo. Sahihi yako nimeielewa. Hasira naijua, ninayo tele, tumeirithi mlango mmoja. Hata ule ujanja wa kuokoa kazi yako nimeuelewa. Kinachoniuma ni siku ile ulipokuja. Ulisimama nje ya kamba, uliona matope, ukaniona kichaa, ukaondoka. Ulibeba kichaa changu kichwani miaka miwili. Ulikula nacho, ulilala nacho, mwishowe ukakipelekea mhuri. Ulikuwa na mdomo. Ulikuwa hatua tano kutoka kwangu. Ungesema tu, "Dada, unafanya nini hapo?" Ningetupa fimbo siku hiyo hiyo, nikakuonyesha kila kitu, kingo, majani, kwato, hesabu za siku. Nilikuwa nimesimama kwenye matope peke yangu nikiogopa kama itafaulu, na nilikuwa nangoja mtu aniulize. Tangu baba afariki hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu wananipongeza au wananicheka, wewe ukanihukumu, na hakuna aliyeuliza.

Nimelia nilipoandika sentensi hiyo, nami sikuwa nimelia tangu Machi. Usijivunie.

Jumatatu naanza kufunga ukanda mpya chini ya zile ekari sita. Kamba ni ndefu, inataka watu wawili, na magoti ya Mama yameshakataa. Huna kazi ya kukuzuia. Fika kabla ya saa nne. Utashika upande wako wa kamba, nami nitashika wangu, tutakwenda sambamba mpaka mtoni. Sitakusalimia, na ukinisalimia sitaitika. Lakini ukiuliza swali, nitakujibu.

Dada yako